Sare Iliyokaa Sawasawa

Hakukuwa na mwili uliomshinda mama yule. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na jina hilo hakupewa bure. Uje kwake bega moja limeshuka, atakushonea koti ambalo hata mkeo ataapa mabega yako yamelingana. Uje na kitambi, kitamezwa. Bi harusi mmoja mwenye nyonga moja juu na nyingine chini alipita mbele za watu amenyooka, na mawifi waliokuwa wamejiandaa kumcheka wakabaki wanameza mate. Siri yake ilikuwa sponji kidogo hapa, mkunjo pale, pindo lililoshushwa upande mmoja kwa unene wa kidole. "Mwili una makosa yake," alizoea kusema, pini zikiwa mdomoni, "nguo ndiyo yenye adabu."

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, mlango ukifunguka moja kwa moja barabarani. Cherehani ya miguu ilikaa chini ya dirisha, pembeni meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona. Nguo za watu zilining'inia kwenye kamba iliyokatiza chumba kizima, hata mgeni akiingia alilazimika kuinama. Nyuma ya pazia ndiko walikoishi. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, kwa hiyo nyumbani alionekana kwa nadra. Wifi yake, dada wa mume, ndiye aliyekuwepo kila siku, mwanamke muuza matunda sokoni ambaye tangu azaliwe hajawahi kunong'ona.

Na alikuwepo Chiriku. Huyo ndiye binti yao wa pekee, darasa la tatu, na jina la utani alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akila anaongea, akioga anaongea, ukimtuma chumvi anarudi na habari za mtaa mzima na chumvi kaisahau.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana kila nikilifikiria hasira zinanipanda. Aliyeona wa kwanza kwamba Chiriku anapinda alikuwa mama yake mwenyewe. Angekuwa nani mwingine, kwa jicho lile? Alikuwa akimpima sare ya muhula mpya, kamsimamisha mbele ya kioo, akaona bega la kulia limeshuka na pindo la sketi limekwenda mshazari.

"Simama vizuri."

"Nimesimama, Mama."

"Wewe! Simama wima, usinichoshe."

"Mgongo unauma."

"Mgongo! Mtoto kama wewe ana mgongo? Mwenye mgongo ni mimi, ninayeinama kwenye cherehani kutwa."

Kisha akafanya nini? Akafanya alichomfanyia kila mtu. Akatia sponji kwenye bega la kulia, akapandisha pindo upande mmoja, akabana mshono wa ubavuni, akapiga pasi. Chiriku akajitazama kwenye kioo, amenyooka kabisa. Mama akarudi nyuma hatua moja, akafurahi. Mganga hajigangi, lakini huyu alidhani amejiganga.

Mwili haukusubiri. Kila baada ya muda sponji iliongezwa kidogo. Mtoto akaanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Kandambili ya mguu wa kushoto ikawa inamtoka njiani, naye anaendelea kutembea bila habari, mpaka watu wamwite. Mwalimu akatuma salamu kwamba Chiriku siku hizi hataki kukimbia na wenzake, amekuwa mvivu. Fundi alikasirika, kwanza na mwalimu, halafu na mtoto, halafu akaona heri ampeleke zahanati yaishe.

Na alipompeleka alimvalisha lile gauni zuri kuliko yote, lenye bitana na mabega yaliyojazwa, asije daktari akadhani mtoto hana mama. Foleni ilikuwa imefika getini. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, na nyuma ya mlango wake watu walikuwa wakikohoa kwa zamu.

"Anaumwa nini?"

"Mgongo, daktari. Na anajikwaakwaa."

"Hebu simama, mtoto mzuri. Geuka. Inama. Haya, inuka." Akamtazama mgongoni, yaani akatazama gauni. "Mgongo uko sawa kabisa. Anakua huyu. Mifupa inaponyooka inauma kidogo."

Akaandika dawa za maumivu. Walipokuwa wakitoka, nesi aligusa lile gauni begani akauliza limeshonwa wapi, na Fundi, Mungu amsamehe, akasimama palepale mlangoni akamwelekeza dukani kwake.

Dawa zilipokwisha walirudi wakapewa nyingine. Waliporudi tena, waliambiwa labda mtoto hapendi shule. Kila safari ilikuwa asubuhi nzima kwenye benchi, na kila safari Chiriku alivaa vizuri. Fundi akarudi nyumbani akiwasema madaktari njia nzima. Walikuwa hawaoni, hawasikii, wanagawa vidonge tu! Wala hakuwa mwongo. Lakini hata yeye hakuwahi kulifungua lile gauni akawaonyesha kilichokuwa ndani. Wazo lenyewe halikumjia. Kuonyesha kasoro hakukuwamo katika kazi yake.

Ikaja siku ya satini. Kulikuwa na gauni la harusi, jeupe pe, mwenyewe analijia jioni. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda, sehemu ya gauni imelala mapajani mwake, anatoa nyuzi za kushikizia. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu mikono inafanya na mdomo unabaki huru. Fundi akasikia tone. Kisha tone jingine.

"Maji hayo yanatoka wapi?"

Chiriku akaacha kuongea. Akatazama dari. Akatazama chini ya meza. Naye pia alikuwa akitafuta maji yanatoka wapi, mpaka wote wawili wakaona yanatoka kwake.

Fundi alimpiga kofi. Usinitazame hivyo, nami sifurahii kulisimulia. Alimpiga kofi, akalivuta gauni kutoka mapajani mwake. "Kikojozi mkubwa wewe! Darasa la tatu! Umeshindwa hata kuniambia?"

"Sikusikia, Mama."

"Hukusikia nini?"

"Sikuyasikia yakitoka."

Jibu kama hilo lilitosha kumsimamisha mtu yeyote. Fundi halikumsimamisha, alikuwa ameshaliingiza gauni kwenye karai, anasugua satini na machozi ya hasira yanamtoka. Wifi ndiye aliyeingia kutoka sokoni na kapu kichwani, akamkuta mtoto amesimama kwenye dimbwi, shavu limevimba. Hakuuliza. Akamshika mkono akampeleka bafuni.

Haikupita muda sauti ikatoka huko. "Wifi! Njoo huku!"

"Nina kazi!"

"Kazi ikafie mbali! Njoo!"

Fundi akaenda na povu mikononi. Chiriku alikuwa amesimama uchi ndani ya beseni, mkono mmoja ukutani asianguke. Bila nguo, mgongo wake ulitoka kiunoni ukaenda pembeni, kisha ukajikunja kurudi, na mbavu za upande mmoja zilikuwa zimetokeza.

"Haya maji yameniunguza kidole mimi," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilikuwa ndogo. "Yeye nimemmwagia mguuni, hakushtuka. Na huu mgongo ni wa tangu lini?"

"Najua kwamba amepinda upande. Nilishamrekebishia sare."

"Umerekebisha sare. Mtoto je?"

Fundi akalitazama povu mikononi mwake.

"Mficha uchi hazai, wifi yangu. Wewe umezaa salama, halafu unamficha uliyemzaa!"

Kesho yake Fundi hakumvalisha gauni. Alimfunga khanga kifuani, akambeba mgongoni mtoto mzima wa darasa la tatu, akapita foleni yote huku watu wakimfokea, akaingia kwa daktari yuleyule. Akaifungua khanga. "Sasa mwangalie."

Daktari akatazama. Akainuka kitini. Akapitisha ncha ya kalamu chini ya nyayo, akamwambia Chiriku afumbe macho aseme akiguswa, akawa anamgusa na Chiriku kakaa kimya, anasubiri kuguswa.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na macho!"

"Nilimwona amevaa. Amenyooka."

"Kwa sababu nguo nilishona mimi!"

Alilisema kwa ukali, kama mtu anayemshtaki mwenzake, na lilipomtoka ndipo akalisikia. Hasira yake ikakosa pa kukaa. Nusu ilikuwa ya yule daktari, na nusu ilikuwa yake mwenyewe, na ile nusu yake ndiyo iliyomtafuna. Daktari, naye sasa jasho linamtoka, alimuuliza kama mtoto anajikojolea. Alipoambiwa ndiyo, hakuandika kidonge. Akachukua simu mwenyewe akapigia hospitali kubwa.

Hospitali kubwa nayo, ukubwa wake ulikuwa wa majengo. Mapokezi waliwatuma ghorofani, ghorofani wakawarudisha mapokezi. Mashine ya kupiga picha za ndani ya uti wa mgongo ilikuwa mbovu, fundi wake anangojewa. Njooni kesho. Kesho walipokuja, fundi amekuja lakini kifaa hakijaja. Fundi wetu alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani, akimsikiliza karani akisema "njoo kesho" kwa kila mtu kwa sauti ileile, akatamani kumshona mdomo. Kila kesho moja ilikuwa kidole kimoja cha mguu kinachokufa ganzi. Siku ambayo mashine ilikubali, Chiriku hakuweza tena kusimama peke yake.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Aliitundika picha kwenye mwanga akaonyesha kwa kidole. "Unaona hizi pingili? Hii moja imeota uvimbe. Ni uvimbe wa mfupa. Si saratani, mama. Hausambai."

Fundi akashusha pumzi. "Kwa hiyo si mbaya."

"Wenyewe si mbaya."

"Sasa kama si mbaya, mbona mtoto wangu hatembei? Mbona anajikojolea? Mbaya wenu ninyi unakuwaje?"

Daktari hakukasirika. "Umeota mahali pabaya. Ungeota kwenye mkono, tungekuwa na muda wa kushauriana. Humu ndani hakuna nafasi. Unakua taratibu na unakandamiza neva zinazokwenda miguuni na kwenye kibofu. Mgongo wenyewe umejipinda kwa kuyakimbia maumivu."

"Mtautoa?"

"Tutautoa. Kesho asubuhi, hatungoji."

"Atapona?"

"Miguu nina matumaini nayo." Akaishusha picha. "Kibofu siwezi kukuahidi. Neva ikibanwa muda mrefu, pengine huamka, pengine haiamki tena."

Muda mrefu. Maneno hayo mawili Fundi alitoka nayo hadi kwenye korido. Akampigia mumewe, aliyekuwa njiani, injini inanguruma.

"Uvimbe? Katika ukoo wetu hakuna uvimbe!"

"Basi ukoo wenu uje uutoe!"

"Mwambie daktari ajaribu dawa kali kwanza. Mgongo haupasuliwi hivihivi, mtu wangu! Utaniulia mtoto!"

"Wewe uko wapi? Nakuuliza, uko wapi? Kila mwaka uko barabarani unanitumia maoni!"

Injini ikazimwa upande wa pili. Mwanamume alikuwa amesimamisha lori. "Nipe niongee naye," akasema.

Chiriku akaipokea simu kwa mikono miwili. "Baba," akasema, "mimi si kikojozi. Ni mfupa."

Hakuongeza neno, yeye mtoto wa maneno yote yale. Fundi aligeukia ukuta.

Wakampasua. Uvimbe ukatoka wote, daktari akasema, na mgongo huenda ukanyooka wenyewe kwa vile mtoto bado anakua. Muda si mrefu kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza chini ya shuka, na wifi akapiga kigelegele hadi akatolewa wodini. Fundi alifurahi, nani asingefurahi? Lakini macho yake hayakuwa kwenye kidole. Yalikuwa kwenye ule mpira wa mkojo ulioteremka kutoka kitandani hadi kwenye mfuko. Mguu ukichelewa, mtu huchechemea akafika. Lile jingine alilijua litakuwaje: mtoto anakuwa msichana, yuko darasani, anasikia harufu kabla ya kusikia mwili wake, na wenzake wanamwimbia jina. Na jina hilo aliyemwita wa kwanza si wenzake. Ni mama yake, kwa ajili ya satini ya mtu.

Walipoutoa mpira, kitanda kililowa. Akabadilisha shuka. Kikalowa tena. Alizifua shuka mwenyewe kwenye sinki la mwisho wa wodi, maana mfanyakazi wa usafi alishaanza kununa, akazianika dirishani zikatonesha maji sakafuni, akafokewa kwa hilo pia. Walimshauri afungulie bomba mtoto asikie maji. Akafungulia bomba mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuomba kwenda haja, wote isipokuwa wake.

"Subira huvuta heri, mama," nesi akamwambia.

"Hiyo heri inavutwa kutoka wapi, dada yangu, mbona haifiki?"

Kilichomuumiza kuliko yote ni kwamba kila shuka ilipolowa, Chiriku alisema, "Nisamehe, Mama." Kwa sauti ndogo, ya mtu anayejua kofi liko njiani. Fundi akamwambia usiseme hivyo, mara nyingine kwa upole, mara nyingine, Mungu wangu, kwa kufoka, na akifoka mtoto anaomba msamaha zaidi. "Mimi ndiye wa kuomba," akamwambia siku moja, amepiga magoti kando ya kitanda. "Nilikupiga kwa kitu usichokijua. Nisamehe wewe." Chiriku akamtazama, akafikiria, akasema sawa. Lakini shuka iliyofuata ilipolowa, aliomba msamaha vilevile. Mtu hufumua mshono kwa dakika, si kofi lile.

Siku yenyewe ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa kelele. Wifi alikuwa amekuja na bakuli kubwa la plastiki limejaa machungwa, anasimulia ugomvi wa sokoni kwa sauti iliyofika wodi ya jirani. Fundi alikuwa mguuni pa kitanda, anagombana na mfanyakazi wa usafi.

"Shuka mbili tu kwa siku, mama. Ndio utaratibu."

"Utaratibu! Huyo mtoto mkojo wake unajua utaratibu?"

"Mama," Chiriku akaita.

"Subiri."

"Mama, nimebanwa."

"Nimekwambia subi—" Akageuka polepole. "Umesemaje?"

"Nimebanwa na mkojo." Chiriku alikuwa amekunja uso, amebana magoti yake pamoja, kitu ambacho magoti yale hayakuwa yamekifanya siku nyingi. "Naomba beseni. Haraka, Mama!"

Basi hapo ndipo Fundi alipopoteza adabu zote. "Beseni!" akapiga kelele. "Leteni beseni!" Kabati la mabeseni lilikuwa limefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda kula. "Kula! Anakula saa hizi? Vunjeni!" Akatikisa kabati, akakimbilia chooni, ndoo ya humo imefungwa kwa mnyororo kana kwamba kuna mwizi wa ndoo za choo, akarudi anakimbia, viatu vimemtoka, anatukana hospitali, anatukana kufuli, analia. "Vumilia, mwanangu! Vumilia kidogo tu!"

Na kutoka kitandani, juu ya kelele za wodi nzima, meno yamebana, sauti ikamjibu, "Navumilia, Mama!"

Fundi akasimama palepale katikati ya wodi, kaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mtoto anavumilia. Analo la kuvumilia, na anaweza kulivumilia.

"Umesimama nini, wewe mwanamke?" wifi akafoka. Akayamwaga machungwa yote sakafuni, yakabingirika chini ya vitanda vya watu, akalipenyeza bakuli chini ya shuka. Wodi ikanyamaza. Wote wakasikia.